Gia boksi ya JCB kuukuu: anza na stiki

Kijiko changu, yaani mashine ya kuchimba na kupakia udongo, ni JCB 3CX ya zamani. Asubuhi naegesha tambarare, ndoo zote chini, breki ya mkono imefungwa, ndipo nachomoa stiki ya kupimia oili ya gia boksi. Injini iwake au izimwe wakati wa kupima? Fuata kitabu cha mashine yako, achana na maneno ya kijiweni. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji: usifanye kazi, kagua rejeta inayopoza oili, huenda inavuja. Ikinuka kuungua, shuku klachi. Filta ya zamani ipasue uiangalie ndani. Unga laini wa chuma unavumilika, vipande hapana. Dereva asimame kabisa kabla ya kurudi rivasi. Mashine ikizimika njiani usiivute mbali, maana pampu inayolainisha gia huzungushwa na injini.