Jiografia ya watoto ianzie kwenye tope la uani

Wazazi wengi tukitaka kumfundisha mtoto jiografia tunakimbilia kununua ramani ya dunia tunabandika ukutani, dogo anakariri mabara saba kama wimbo, alafu ukimuuliza haya maji ya mvua yanayopita mbele ya geti yanaenda wapi anakutolea macho tu. Mimi nakaa na watoto wawili wa dada yangu huku Kimara, Dar, mmoja ana miaka 6 mwingine 9, na nilichojifunza ni kwamba ramani isubiri kwanza, anza na tope.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia udongo wa uani mpaka theluthi hivi, jazia maji ubakize nafasi kidogo juu, weka kijiko cha sabuni ya unga (inasaidia chembe zisishikane), funga kizibo sawasawa umpe mtoto atikise mpaka achoke. Iweke dirishani na ni marufuku kuigusa. Dakika moja mbili mchanga ushakaa chini, baada ya masaa kadhaa inakuja tabaka laini zaidi juu yake, ila udongo wa mfinyanzi ndo mbishi, kesho yake unakuta maji bado yana ukungu. Vijiti na majani makavu vinaelea. Kila tabaka mtoto alichoree mstari kwa maka peni nje ya chupa. Yule mdogo akaniuliza, "Mjomba, mbona mchanga umewahi?" na hapo usiwe na haraka ya kujibu, muulize yeye anaonaje. Alisema kwa sababu umeshiba. Si mbali na ukweli, chembe kubwa zinazama haraka kuliko ndogo.

Sasa subiri mvua. Ikishakatika kabisa, radi hamna, toka nao mfuate mchirizi wa maji mtaani, ila msiingie kwenye mkondo wala msisogelee korongo linalopita maji. Huku kwetu ni vilima kwahiyo kila kitu kinaonekana: pale kwenye mteremko mkali zimebaki kokoto, chini kidogo mchanga, na pale barabara inapolala kuna tope laini linalopasuka likikauka. Watoto wataona wenyewe kwamba ni ile ile chupa imelazwa barabarani. Ndo uwaambie sasa, maji ya upande wetu yanateremka mabondeni yanaingia mto Msimbazi, mto unaanzia huko vilima vya Pugu unapita Jangwani unamwaga baharini pale daraja la Selander. Jangwani ni tambarare, maji yakifika pale yanapunguza mwendo yanatua mzigo, mto unajaa mchanga, mvua kubwa ikija unafurika. Siku moja baada ya mvua tukapita Selander na daladala, bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa, wa miaka 9 akasema kwa sauti gari zima likasikia, "Ule udongo wetu!"

Kivuli nacho ni rahisi, chomeka kijiti wima sehemu yenye jua mweke jiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya nusu saa. Angalizo, video nyingi za mtandaoni zimetengenezwa Ulaya wanasema jua la mchana lipo kusini basi. Huku sio hivyo. Dar mwezi wa sita jua la mchana linakuwa kaskazini kivuli kinalala kusini, mwezi wa kumi na mbili ni kinyume chake, na mwanzoni mwa mwezi wa tatu na kwenye tarehe kumi za mwezi wa kumi linapita utosini kabisa kijiti kinakosa kivuli. Alafu kivuli kifupi kabisa usikitegemee saa sita kamili, kwa Dar mara nyingi kinakuja saa sita na robo au na nusu hivi.

Volkano, hapa nina ugomvi kidogo na ile ya kuigiza kwa siki na magadi. Inapendeza ila mtoto anabaki anajua mlima unalipuka kwa sababu kuna mtu kaweka siki. Bora soda: itikise, mtoke nje, fungua. Gesi iliyokuwa imebanwa inapata upenyo inatoka na kinywaji chote, na uji wa mawe chini ya mlima unasukumwa hivyo hivyo na gesi zake. Kisha wape habari za Ol Doinyo Lengai, uko hapa hapa kwetu karibu na ziwa Natron, lava yake ina joto karibu nusu tu ya lava za kawaida, inatoka nyeusi na ikikaa siku chache inageuka nyeupe. Na bonde la ufa wote huo waelezee kwa utando wa uji uliopoa, ukiuvuta pande mbili unachanika katikati. Sisi tunachanika milimita chache kwa mwaka, kucha zao zinakua haraka kuliko hapo.

Ukiwapeleka beach nenda siku ya mwezi mpevu au mwandamo, wakati wa bamvua, muone maji yanavyokupwa mbali, mchomeke kijiti mrudi baada ya masaa.

Baada ya yote hayo ndo ramani, na wachore wenyewe. Wape karatasi waanze na nyumba, geti, duka, mchirizi, na mishale ya maji yanakoelekea. Wa miaka 9 mshale wake ulifika ukingoni mwa karatasi akagoma kuishia hapo, tukaunga ya pili kwa selotepu, alafu ya tatu, Selander ikaangukia chini ya meza.