Toa Gmail kabla hujariseti simu
Jamani wenye Android, kabla hujariseti simu, yaani kuifuta kila kitu irudi kama mpya, ingia setingi, upande wa akaunti, toa Gmail yako kwanza, maana tangu Android 5.1 ya 2015 ukiriseti kwa kubonyeza vitufe vya pembeni simu ikiwaka inadai akaunti ileile iliyokuwemo, ukiwa umeisahau ndo imekula kwako. Ukishakwama usikimbilie kwa fundi, cheki kama inakubali pini au patani ya zamani, zingine zinakubali. Ikigoma, rudisha paswedi kwa kutumia simu nyingine, laini uliyosajilia Gmail iwe hewani. Kama umebadilisha paswedi leo subiri masaa 24 ndo uriseti. Na ukinunua simu iliyotumika kwa mtu, atoe akaunti yake mbele ya macho yako, hapo watu wanapoteza hela kila siku na inaniuma sana.