Kuunga spika kwenye miksa ya DJ: anzia nyuma ya spika

Kabla hujashika waya hata mmoja, zunguka nyuma ya spika zako. Tafuta tundu la kuchomekea waya wa umeme. Likiwepo, spika hiyo ina amplifaya yake humo humo tumboni. Mafundi tunaiita aktivu, na utaiunga moja kwa moja na miksa. Lisipokuwepo, ukakuta matundu ya spikoni tu (Speakon, kichwa cha waya wa spika kinachochomekwa na kuzungushwa) au vile vibano vyekundu na vyeusi, hiyo ni pasivu, na haitaimba mpaka uiwekee amplifaya katikati.

Napiga mziki wa sherehe hapa Tanga tangu 2006, na kila mwaka lazima aje kijana mwenye kilio hicho hicho. Wa mwisho alitoka Muheza na spika mbili za inchi 15 juu ya kirikuu, kazinunua kwa mtu mkononi. “Kaka, nimeuziwa mbovu. Nimefungua miksa mpaka mwisho, mziki unasikika kama simu iliyofunikwa na mto.” Spika zake zilikuwa nzima kabisa. Ni pasivu, naye alikuwa ameziunga na miksa bila kitu katikati. Kinachotoka kwenye miksa ni kidogo sana, volti 1.23 hivi kwa kipimo cha vifaa vya kazi. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika) ukitaka ile wati 300, inahitaji volti karibu 49. Kuitoa sauti huku na kuifikisha kule ndiyo kazi ya amplifaya. Aliporudi na amplifaya ya kuazima, spika zile zile zilitikisa mabati ya banda langu.

Sasa geuza miksa uone mgongo wake. Matundu ni mengi na yanatisha, lakini yanayokuhusu wewe kwa spika ni machache. MASTER ndiyo njia ya ukumbini. Miksa nyingi za kazi zina MASTER mbili: moja ya XLR, yale matundu makubwa ya mviringo yenye pini tatu, na nyingine ya RCA, vile vitundu vidogo, chekundu na cheupe. BOOTH ni ya spika yako wewe DJ, ile unayoiweka pembeni ujisikie, na ina kitufe chake cha sauti peke yake. REC ni ya kurekodia. Usiunge spika za ukumbi kwenye REC, kwa sababu kitufe cha MASTER hakiigusi. Utapunguza mziki MC anataka kuongea, na mziki hautapungua.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua XLR. Nitaeleza kwa nini, maana watu wananunua waya kwa kuangalia rangi. Fungua kichwa cha waya wa XLR, zungusha kile kifuniko cha nyuma, kivute. Ndani utaona nyaya mbili nyembamba na nyingine iliyosukwa kama wavu, imezizunguka hizo mbili. Ule wavu umechomelewa pini namba 1, hiyo ni ethi, yaani njia ya ardhi. Pini namba 2 inabeba mziki kama ulivyo, pini namba 3 inabeba mziki ule ule uliopinduliwa. Kelele za nje, za nyaya za umeme au taa za ukumbi, zinaingia sawasawa kwenye nyaya zote mbili. Ikifika kwenye spika, ile iliyopinduliwa inageuzwa na kujumlishwa na mwenzake, mziki unaongezeka na kelele zinafutana. Ndiyo maana waya wa XLR unaweza kwenda mita 30 hata zaidi na mziki ukafika safi. RCA haina ujanja huo. Mimi RCA siipitishi mita tatu, yaani kutoka kwenye miksa mpaka amplifaya iliyo chini ya meza hiyo hiyo, basi.

Kwa spika aktivu kazi ni fupi. Waya mmoja wa XLR kutoka MASTER ya kushoto mpaka spika ya kushoto, mwingine wa kulia. Kwenye spika kuna kiswichi kilichoandikwa MIC na LINE: kiweke LINE. Kikibaki MIC, mziki utatoka umepasuka hata ukiwa chini kabisa, na utadhani spika imekufa. Ukiwa na spika nne, usitafute matundu mengine kwenye miksa. Nyuma ya spika ya kwanza pana tundu la kutokea, LINK au THRU. Toa waya hapo uende spika ya pili ya upande huo huo.

Pasivu ndiyo inayotaka akili. Njia ni hii: MASTER ya miksa kwenda INPUT ya amplifaya, kisha OUTPUT ya amplifaya kwenda spika. Hizo ni safari mbili za nyaya za aina mbili. Ya kwanza ni waya mwembamba wa sauti ndogo, wenye wavu. Ya pili ni waya mnene wa spika, nyuzi mbili za shaba. Mimi natumia wa milimita za mraba 2.5, na ukumbi ukiwa mrefu naongeza unene. Angalia sana zile jeki kubwa, vichwa vya pini moja ndefu kama vya gitaa, kwa sababu nyaya zote mbili zinaweza kufungwa kichwa kile kile. Ukipeleka nguvu ya amplifaya kwenye waya mwembamba, utaushika katikati ya sherehe uukute una moto.

Hapo kwenye amplifaya, soma maandishi ya nyuma: inakubali omu ngapi kwa kila upande. Nyingi za bei ya kawaida zinaishia 4, yaani usishuke chini ya hapo, maana omu zikipungua amplifaya inabeba mzigo mkubwa zaidi. Spika moja ya omu 8, sawa. Mbili za omu 8 kwenye upande mmoja zinakuwa omu 4, bado uko salama. Ukiongeza ya tatu unashuka chini ya 3, ya nne unafika 2. Mwenye sherehe anakuja na spika za jirani, “tuongeze na hizi,” na amplifaya haimkatalii mtu. Inapiga saa moja, mbili, inachemka, kisha inajizima, na ikiwa haina kinga inaungua. Jifunze kukataa kwa upole. Mimi huwa nawaambia wazee, “Hizi tuziweke akiba, mzee wangu,” na zinabaki kwenye kirikuu.

Spikoni ni kichwa kizuri kuliko vyote kwa spika. Kinaingia, unakizungusha kulia, kinalia tk! Usiposikia ule mlio hakijashika, hata kama kimekaa. Watoto wakivuta waya, jeki inachomoka na kugusana, lakini spikoni haitoki. Ndani yake waya mwekundu unakaa 1+ na mweusi 1-. Ukitumia vibano, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuza, spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake inavuta, na besi inapotea katikati ya ukumbi. Watu wanaongeza kitufe cha besi kumbe tatizo ni waya.

Kama una spika ya zamani na hujui chanya ni ipi, chukua betri ndogo ya redio, ya volti 1.5. Chomoa spika kwenye amplifaya, gusisha betri kwenye vibano vyake kwa kitambo kidogo sana, kama kupepesa jicho. Angalia koni ya besi kwa ubavu, karibu kabisa. Ikiruka kwenda nje, upande uliogusisha chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Ikirudi ndani, umegeuza. Weka alama ya tepu nyekundu pale pale kabla hujasahau.

Sabufa ikiwepo, ikiwa ni aktivu, iingie kwanza: MASTER kwenda sabufa, kisha kutoka kwenye sabufa kwenda spika za juu. Sabufa nyingi zinajichukulia zile sauti za chini, kwa kawaida karibu hezi 100 kushuka, na kuzipitishia spika za juu kilichobaki. Spika za juu zinapumua, na maneno ya wimbo yanasikika.

Kuwasha kuna zamu yake, na hili nalisema kwa uchungu. Washa kompyuta au deki ya CD kwanza, kisha miksa, MASTER ikiwa chini, na mwisho kabisa amplifaya au spika aktivu. Kuzima ni kinyume: amplifaya kwanza, kisha miksa, mwisho kompyuta au deki. Mwaka 2011 tulikuwa na sendofu Makorora, saa nane usiku, watu wameshaondoka, nimechoka, nikazima miksa huku amplifaya ziko wazi. Ukasikika mlio mmoja, puu! Hodi ya kulia, ile honi ya spika inayotoa sauti kali za juu, ikanyamaza. Nilipoifungua asubuhi, dayaframu, ile ngozi nyembamba inayotikisika na kutoa sauti, ilikuwa imepasuka na koili yake imekatika uzi. Mpya niliifuata Kariakoo, na hela ya kazi ile ikaishia kwenye nauli na dayaframu. Ule mshtuko wa miksa kuzimika ni sauti kama nyingine, na amplifaya iliyo wazi inaukuza wote bila kuuliza. Kwa sababu hiyo hiyo usichomoe wala kuchomeka waya wakati amplifaya inapiga, hata kama ni waya mmoja tu na bwana harusi anaingia.

Sasa kipimo cha sauti. Shusha vitufe vya sauti vya amplifaya mpaka mwisho. Cheza wimbo mzito unaoujua, panda na kile kitufe cha juu cha chaneli, TRIM au GAIN, mpaka taa za miksa ziwe za kijani na zifike rangi ya machungwa pale ngoma inapopiga. Nyekundu isiwake. MASTER nayo iweke pale ambapo taa zake zinasema hivyo hivyo. Hapo ndipo ufungue amplifaya taratibu mpaka ukumbi utoshe. DJ wengi wanafanya kinyume, amplifaya nusu, miksa nyekundu mwanzo mwisho. Miksa ikijaa, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na moto wake unakwenda kuchoma tweta, ile spika ndogo ya sauti kali. Spika nyingi nilizozifungua zimekufa kwa kupigwa sauti chafu.

Tukiwa kwenye miksa: kompyuta na deki ziingie LINE. PHONO ni ya mashine za santuri tu, kwa sababu sindano inatoa sauti ndogo mno na miksa inaikuza mara nyingi kwanza. Ukiingiza deki PHONO utapata makelele.

Mvumo. Umewasha kila kitu, hujacheza wimbo, na spika zinasema mmmm. Huo ni umeme wetu wa hezi 50 unazunguka kwenye ethi. Chomoa chaja ya kompyuta, iache itumie betri. Mvumo ukikatika, umempata mwizi: tafuta kile kiboksi cha transfoma kinachokaa kati ya kompyuta na miksa, ni cha bei ndogo na utakitumia miaka. Usipokatika, hamishia miksa na amplifaya kwenye soketi moja ya ukutani, maana mara nyingi vifaa viko kwenye soketi mbili zinazotoka njia tofauti. Lakini usikate pini ya ethi kwenye plagi. Nimeona mafundi wakiikata na mvumo ukaisha kweli, na siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ya amplifaya, MC mwenye maiki mkononi ndiye anayekuwa ethi. Naomba sana hili lisifanyike.

Na kwenye jenereta, pima kwanza. Kipimo changu kinakaa mfukoni. Isipokuwa kati ya volti 220 na 240, sichomeki kitu, mwenye jenereta airekebishe. Waya wa ekstensheni ukiwa kwenye roli, ufungue wote hata kama unahitaji mita tano, kwa sababu uliojikunja unachemka wenyewe kwa wenyewe.

Kwenye maturubai, wageni wamekaa kwa urefu na spika ziko mbali mbali. Aliye kushoto anasikia kushoto tu, na nyimbo nyingine zina gitaa upande mmoja na kinanda upande mwingine. Ikiwa miksa yako ina kiswichi cha MONO nyuma, kiweke MONO, spika zote zitoe mziki mzima. Spika zikae mbele ya maiki, zikielekea watu, juu ya stendi mpaka hodi zipite vichwa vya waliokaa. Maiki ikiwa mbele ya spika itapiga yowe usiku kucha.

Jaribu upande mmoja mmoja kabla wageni hawajafika. Shusha kulia, sikiliza kushoto peke yake, kisha geuza. Simama viti vya nyuma kabisa, pale watakapokaa bibi na babu, kwa wimbo mzima. Ukirudi mezani, funga tepu nyekundu kwenye ncha zote mbili za waya wa kulia na nyeupe za kushoto, na usiku wakati wa kukunja, kunja waya kwa duara la mkononi, usiuzungushe kwenye kiwiko. Ule unaozungushwa kwenye kiwiko unakatika ndani, karibu na kichwa, na utaanza kukwaruza siku ambayo huna mwingine.