Jinsi ya Kutumia Dawa katika Mshtuko Unaotokana na Moyo Kushindwa Kufanya Kazi

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ya kutosha, akawa na mikono baridi, mkojo kidogo na shinikizo la damu la moyo unapokaza (namba ya juu ya kipimo) likiwa chini ya milimita 90 za zebaki kwa nusu saa au zaidi, atibiwe katika chumba cha wagonjwa mahututi, kwa kuwa dawa hizi hazitolewi kwa kukisia.

Anza na noradrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu ili kupandisha shinikizo, kupitia mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa, ukipandisha kipimo polepole hadi shinikizo la wastani lifikie takriban milimita 65. Likishatengemaa lakini viungo vya ndani ya mwili, kama figo, bado havipati damu ya kutosha, ongeza dobutamini, mikrogramu 2 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, huku ukifuatilia mapigo kwenye mashine, kwani dawa hii huongeza nguvu ya moyo na vilevile hatari ya mapigo kwenda mrama. Dopamini, iliyopendwa sana zamani, mimi ningeiacha: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa huvuruga mapigo zaidi kuliko noradrenalini.

Mapafu yakijaa maji, toa furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, kupitia mshipa. Dawa za kuzuia beta, ambazo hupunguza kasi na nguvu ya moyo, zisitolewe. Ikiwa chanzo ni mshipa wa moyo ulioziba, dawa hununua muda tu hadi uzibuliwe.