Jinsi ya kufuatilia asili ya kitenzi cha Kiitaliano: tuanze na mangiare

Nafundisha Kiitaliano hapa Malindi, na neno la kwanza wanafunzi wanalolijua tayari wanapokuja ni mangiare, kula. Wengi washajiamulia limetoka kwa mano, mkono, kwa vile mkono ndo unaopeleka tonge mdomoni. Sio kweli, twende polepole.

Kwanza achana na maneno kufanana masikioni. Fungua kamusi ya Treccani mtandaoni, tafuta mangiare, soma yale maelezo ya asili pale mwanzoni. Utakuta Kifaransa cha kale mangier, na nyuma yake Kilatini manducare, kutafuna, ambalo nalo limezaliwa na mandere, na huyo mandere ndo kazaa pia mandibola, taya. Shika taya lako utafune, neno liko hapo.

Pili, na hapa ndo patamu, pima sauti mwenyewe. Kiitaliano kimetokana na Kitaskani, lahaja ya mkoa wa Toscana, na Kitaskani kawaida kinaiacha "ka" ya Kilatini ilivyo: iudicare, kuhukumu, imekuwa giudicare, ila Wafaransa wameifanya juger. Basi manducare ingekulia nyumbani ingekuwa manicare au manucare, ile "ja" ya katikati ni alama ya Ufaransa. Na manicare ilikuwepo kweli, mshairi Dante mwanzoni mwa karne ya 14 kaandika manicar kwenye Inferno, shairi lake la Jehanamu, wimbo wa 33, pale Ugolino, mfungwa aliyefungiwa pamoja na wanawe wafe njaa, anajing'ata mikono kwa uchungu na wanawe wanadhani ni njaa. Mimi nikifika hapo darasani huwa nausoma mstari wote kwa sauti.

Tatu, jiulize neno la zamani la kula, lile ambalo manducare ilichukua nafasi yake, lilikufa kwa nini. Kilatini cha vitabuni kula ni edere, na "anakula" iliandikwa est, sawasawa na est ya "ni". Neno fupi hivyo linataka egemeo, hata -la yetu iko hivyo, tunasema anakula, ile ku tunaibeba mahali ambapo vitenzi vingine havina haja nayo. Kule Hispania edere waliiegemeza na com-, ikawa comedere, leo comer, yaani mzizi umeyeyuka wote limebaki egemeo!

Zoezi: chukua vendicare, kulipiza kisasi, iweke kando ya venger ya Kifaransa, uniambie imekulia wapi.