Kupanga chumba cha mtoto kinachofaa wa kike na wa kiume, na kinachokua naye

Wazazi wengi huanza na rangi: waridi akiwa wa kike, buluu akiwa wa kiume. Desturi hiyo si ya kale, kwani hata Ulaya na Marekani ilikotoka ilishika mizizi katika karne ya 20, na mwanzoni mwa karne hiyo walikuwapo wafanyabiashara wa nguo waliopendekeza kinyume chake. Kwa familia ya Dar es Salaam ina hasara ya fedha pia, kwa sababu chumba hicho hicho aghalabu kitampokea mdogo wake, binamu aliyekuja kusoma, au bibi aliyetoka mkoani kusaidia ulezi. Kwa hiyo kuta, kitanda, kabati na nyaya za umeme vichaguliwe kwa kuangalia miaka 10 ijayo, na mapambo yabaki kwenye vitu vinavyofulika na kubadilishwa kwa bei ndogo.

Ukiwa na vyumba viwili vya kuchagua, epuka kile ambacho dirisha lake linatazama magharibi, kwa kuwa jua la alasiri hukiacha na joto hadi usiku. Kwa kuta tumia rangi ya maji inayooshika, katika krimu, rangi ya mchanga au kijani kilichopauka, na kazi iishe wiki kadhaa kabla ya mtoto kuzaliwa ili harufu itoke. Nyumba ikiwa ya zamani na rangi yake inabanduka, fundi asiipige msasa ikiwa kavu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto.

Kitanda ndicho kinachostahili fikra nyingi kuliko vyote. Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, hutengeneza kwa vipimo unavyowapelekea, basi usiende na picha tu. Mbao ya mtiki au mninga hustahimili unyevu wa pwani, ilhali MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, huvimba ikilowa. Agiza kitanda ambacho chaga zake zinaweza kuwekwa juu mtoto akiwa mchanga, kisha zikashushwa pindi anapoanza kukaa, na ambacho ubavu mmoja unafungwa kwa bolti na nati, si misumari, ili uondolewe atakapoweza kupanda na kushuka mwenyewe. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, na pembe zisiwe na nakshi zinazoweza kunasa nguo. Godoro liwe gumu, lijae fremu bila kuacha mwanya pembeni. Katika mwaka wa kwanza mtoto alazwe chali, bila mto, bila wanasesere na bila zile kingo za sponji zinazouzwa kama pambo. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, hivyo pima milango yote miwili kabla ya kumlipa fundi, maana kitanda kitasafiri kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Chandarua chenye dawa ni sehemu ya chumba tangu siku ya kwanza. Nunua kinachotosha kitanda cha futi 3½ kwa 6 atakachohamia baadaye, ukifunge kwenye kulabu nne za dari, na ukichomeke chini ya godoro bila kuacha kamba zinazoning'inia. Nyavu za madirisha zilizotoboka zizibwe.

Kabati liwe na rafu zinazohamishika: leo zinabeba nepi, kesho sare za shule. Meza maalumu ya kubadilishia nepi sioni haja yake. Kabati pana la droo lenye urefu wa kiunoni linatosha, mradi mtoto asiachwe juu yake hata kidogo. Lifungwe ukutani kwa skrubu, kwani mtoto anayejifunza kusimama hulivuta. Ukiwa mpangaji, omba idhini ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta.

Rangi kali sasa ziingie kwa vitambaa. Pazia la kitenge, mkeka wa ukindu na khanga ukutani vinapendeza bila kumtaja msichana wala mvulana. Ila khanga ichaguliwe kwa maneno yake pia, maana siku moja mtoto ataisoma na kuuliza. Magari na wanasesere wakae kwenye rafu moja ya chini, achague mwenyewe.

Wakati wa kutandaza nyaya, weka soketi yenye swichi na taa mahali ambapo meza ya kusomea itakaa atakapoanza darasa la kwanza, hata kama kwa sasa hapo pana kapu la nguo. Kuchimba ukuta upya baadaye ni gharama na vumbi. Na kwa kuwa familia nyingi hutenganisha malazi ya kaka na dada wanapokaribia miaka 10, mwambie fundi wa dari aache ubao imara katikati, ambao utabeba reli ya pazia la kugawa chumba ikiwa hakutakuwa na chumba kingine.