Fleti Yako Ikitumiwa na Walanguzi wa Binadamu: Hatua za Mwenyeji Kabla Kesi ya Fidia Haijafika

Mwenye fleti ya kupangisha kwa siku mbili tatu kule Nyali, Diani au Kilimani huwa na hofu mbili: mgeni atakayevunja televisheni, na mgeni atakayemwachia nyota mbili mtandaoni. Polisi wakibisha hodi kwa sababu fleti ilitumiwa na walanguzi wa binadamu, yaani wanaochukua watu kwa nguvu au hila ili wawanyonye, hujitetea kwamba yeye alitoa ufunguo tu, ya ndani hayajui. Kwenye kesi ya jinai utetezi huo una uzito, maana upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba alijua. Kwenye kesi ya madai hali hubadilika. Hapo hakimu anauliza mtu makini mwenye nyumba kama yako angeona nini, na wewe ulipoona ulifanya nini.

Nimeandika kwa wenyeji wa Kenya, ambako ndiko ninakofanya kazi ya uwakili. Tanzania ina sheria yake ya 2008, kwa hiyo msomaji wa huko achukue hatua za vitendo na aache vifungu.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi kwenye karatasi

Fleti moja mara nyingi ina watu watatu nyuma yake. Yuko mwenye jengo, yuko aliyekodi kwa mwezi akaipangisha kwa siku, na yuko kijana anayepokea wageni na kuosha mashuka. Sheria ya dhima ya mkaaji, Sura ya 34, haijali jina lililo kwenye hati ya umiliki. Inaangalia nani ana mamlaka juu ya mahali penyewe, na wanaweza kuwa wawili kwa pamoja. Juu ya hayo, kosa la mfanyakazi akiwa kazini humrudia mwajiri. Mtunza nyumba wako akipokea elfu mbili ili asiulize kwa nini wasichana sita wamelala sebuleni, mdai hatahangaika kumtafuta yeye mwenye elfu mbili. Atakutafuta wewe.

Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, useme nani anapokea wageni, nani anapokea malalamiko ya majirani, na nani ana wajibu wa kupiga ripoti. Kisha kamilisha usajili wako kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Baada ya wanawake wawili kuuawa katika vyumba vya aina hii Nairobi, South B na Roysambu, Januari 2024, serikali iliwataka wenyeji wajisajili. Kukosa leseni peke yake hakukufanyi mlanguzi, ila wakili wa upande wa pili ataanza nako, na ni mwanzo mbaya.

Hatua ya 2: Fahamu njia ambazo fidia hudaiwa

Njia ya kwanza huanzia kwenye kesi ya jinai. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 humpa mlanguzi kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inamgusa anayepangisha nyumba kwa ajili ya ulanguzi huku akijua, au anayeikaa na kuruhusu itumike hivyo. Kwake ni miaka 20 au milioni 20 kwenda juu. Mahakama ikishamtia mtu hatiani inaweza kumwamuru amlipe mwathiriwa gharama za matibabu, za ushauri wa kisaikolojia, za usafiri na malazi, na nafuu nyingine itakayoona ni haki.

Wateja wengi hushtuka kusikia kinachofuata. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya jinai, ikishakuwa ya mwisho, ni ushahidi usiopingika kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa lile. Mtu anaweza kushauriwa korokoroni akiri shtaka dogo, alipe faini, arudi nyumbani kulala. Mwaka unaofuata kukiri kule kunasomwa mbele ya hakimu wa madai. Usikiri lolote ili yaishe kabla hujaongea na wakili wako mwenyewe.

Njia ya pili haihitaji mtu kuhukumiwa. Ni madai ya uzembe, au ya kukiuka wajibu wa mkaaji kwa walioingia kwake kihalali. Mdai lazima aonyeshe kwamba ulikuwa na wajibu wa kuchukua hadhari, hukuutimiza, naye akaumia kwa sababu hiyo. Kwa kuwa aliyemuumiza ni mtu wa tatu, vita vyote viko kwenye suala moja: je, madhara yale yalitabirika? Mwenyeji ambaye hakuwa na dalili yoyote mbele yake ana ulinzi mzuri. Yule aliyeandikiwa na jirani kwenye WhatsApp mara tatu akajibu kwa kidole gumba, huyo hana. Kipimo cha ushahidi nacho ni chepesi kuliko cha jinai, maana inatosha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi mambo yalikuwa vile mdai anavyosema.

Muda wa kufungua madai haya ni miaka 3. Kwa aliyekuwa mtoto, saa haianzi kuhesabu mpaka atimize miaka 18. Msichana wa miaka 14 aliyefungiwa kwenye fleti yako leo anaweza kukushtaki akiwa na miaka 20, ukiwa umeshaiuza na kuisahau.

Njia ya tatu ni ombi la kikatiba. Ibara ya 30 inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, ibara ya 20 inasema haki hizo zinawafunga watu wote pamoja na vyombo vya dola, na ibara ya 23 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru fidia.

Hatua ya 3: Panga mlango wa kuingilia

Mgeni wa jukwaani, yaani aliyekodi kupitia tovuti kama Airbnb, huacha nyayo: jina, kadi ya malipo, mazungumzo. Mgeni aliyeletwa na dalali wa mtaani akalipa kwa M-Pesa kutoka simu ya mtu mwingine hana nyayo zozote zaidi ya zile utakazoziweka wewe. Kwa hiyo andika jina na nambari ya kitambulisho au pasipoti ya kila mtu mzima anayelala, na ulinganishe sura na picha. Watoto waandike pia, pamoja na uhusiano wao na aliyewaleta. Atakayekataa, mrudishie pesa.

Taarifa hizo ni za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Mwambie mgeni kwa nini unazichukua na utazihifadhi kwa muda gani, kisha zifungie. Yale makundi ya WhatsApp ambamo wenyeji hurushiana picha za vitambulisho vya wageni wanaowashuku, toka leo. Utajikuta na kesi mbili badala ya moja, na ya pili utakuwa umejitafutia.

Kwenye kanuni za nyumba weka idadi ya wanaolala, ukomo wa wageni wa kupita, na sentensi ya kwamba utaripoti polisi ukiona dalili za kumdhulumu mtu.

Hatua ya 4: Jifunze kuona

Hapa ndipo mtu hushinda au kushindwa kesi, kwa hiyo tukae kidogo.

Wengi wakisikia ulanguzi hufikiria Mtwapa usiku na mzee wa Kizungu akiwa na binti mdogo. Hilo lipo, na aliye chini ya miaka 18 hawezi kulikubali kisheria kwa namna yoyote. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ina kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemruhusu mtoto abaki nyumbani kwake akijua anatumiwa kingono. Lakini mwanamke mtu mzima kuandamana na mtalii si dalili ya chochote, na kumzuia mlangoni kwa sababu ni Mkenya ni ubaguzi unaoweza nao kukupeleka mahakamani.

Sura ya pili ya ulanguzi ndiyo inayowapita wenyeji. Wakala anakodi fleti ya vyumba viwili kwa wiki mbili. Kwenye ombi anaandika watu wawili. Siku ya tatu mfanyakazi wako anakuta magodoro manane, mabegi yamefungwa kamba, wasichana kutoka bara wanapika ugali kwa zamu na hakuna anayejua jina la mtaa. Wameambiwa wanasubiri viza ya kwenda nchi za Ghuba, kule Uarabuni, kufanya kazi za ndani. Pasipoti zote ziko kwenye bahasha ya kaki, na bahasha iko kwa wakala, ambaye halali pale. Simu zao anazo yeye au mke wake. Ukimuuliza mmoja anaenda nchi gani, anamtazama mwenzake kwanza.

Kwenda Ghuba kufanya kazi ni halali, na kuna mawakala halali ambao huwaweka watu wao pamoja kabla ya safari. Tofauti unaweza kuipima bila kuwa mpelelezi. Mawakala wenye leseni wamo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha hiyo iko wazi mtandaoni. Muulize jina la kampuni, litafute palepale. Wakala wa kweli hukasirika kidogo kisha anakupa nambari. Wa uongo hukuongezea pesa. Tangu 2022 Wakenya wengine wamepelekwa Asia ya Kusini-Mashariki kwa ahadi ya kazi za ofisini, wakaishia kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni, hasa Myanmar. Kwa hiyo usidhani vijana wa kiume wenye vyeti vya chuo hawahusiki.

Dalili nyingine nazitaja haraka: mgeni anayeongeza siku mojamoja kwa pesa taslimu, wanaume tofauti wanaoingia na kutoka kila nusu saa, mgeni anayekataa usafi wiki nzima, mtu asiyeruhusiwa kujibu mwenyewe, kufuli mpya iliyowekwa upande wa nje wa mlango wa chumba cha kulala. Moja peke yake haisemi mengi. Hiyo ya kufuli ndiyo ya kupiga simu papo hapo.

Hatua ya 5: Saa za kwanza baada ya shaka

Wenyeji wengi hukimbilia kumfukuza mgeni, na kwa maoni yangu hakuna kosa baya kuliko hilo. Ukimfukuza umemhamishia mwathiriwa mahali pasipojulikana, umeharibu ushahidi, na umethibitisha kwa mkono wako kwamba ulijua. Hakimu atakuuliza: kama hukushuku kitu, ulimfukuzia nini?

Usigombane na anayeshukiwa wala usijaribu kuwaokoa wewe. Piga 999, au nambari ya bure ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, 0800 722 203. Kama kuna mtoto, piga 116. Kitengo cha DCI cha kupambana na ulanguzi na kulinda watoto kina ofisi Nairobi na Mombasa. Kisha nenda kituoni ukaandikishe na uondoke na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Ukiambiwa daftari liko kwa afande mwingine, subiri. Bila nambari hiyo ripoti yako ni hadithi tu.

Siku hiyohiyo andika ulichokiona kwa tarehe na saa, bila kukisia: "saa tisa alasiri, magodoro manane sebuleni, wanawake sita, mmoja alisema hana pasipoti yake." Hifadhi ujumbe wote na risiti za M-Pesa. Kamera za korido nyingi hujifuta zenyewe baada ya muda, kwa hiyo nakili picha usiku huo. Chumba kikishaachwa usikisafishe mpaka polisi wakuruhusu. Najua kuna mgeni mwingine kesho. Mrudishie pesa zake.

Hatua ya 6: Usitegemee jukwaa likubebee mzigo

Soma masharti uliyoyakubali ulipojisajili. Airbnb, kwa mfano, ina kifungu kinachokutaka wewe mwenyeji uifidie pale madai yanapotokana na nyumba yako au uvunjaji wako wa masharti. Bima wanayotangaza ina orodha ya yasiyolipwa, na bima yako ya nyumba pia inayo, nayo mara nyingi haigusi biashara ya kupangisha kwa siku. Mwombe mtu wa bima akujibu kwa maandishi.

Je, mwathiriwa anaweza kulishtaki jukwaa lenyewe? Kwa kuwa mengi ni ya Marekani, sheria ya huko ina maana kwetu. Tangu 2003 mwathiriwa wa ulanguzi ana haki ya kudai fidia kwa mlanguzi. Mwaka 2008 Bunge lao liliongeza anayefaidika kutokana na ushirika ambao alijua, au alipaswa kujua, kwamba una ulanguzi ndani yake. Muda wa kudai huko ni miaka 10. Hoteli ndizo zilizoanza kukamatwa na maneno hayo "alipaswa kujua": mwaka 2019 mahakama ya Ohio ilikataa kuifuta kesi dhidi ya kampuni za hoteli, na Julai 2025 juri la Georgia liliamuru hoteli moja ilipe dola milioni 40. Lakini mwaka 2021 mahakama ya rufaa iliyoko Atlanta iliona kwamba kampuni inayozikodishia hoteli jina lake kupokea tu mrabaha wa jina hilo hakutoshi.

Majukwaa yana ngao ya ziada, kifungu cha 230 cha sheria ya 1996, kinachoyakinga dhidi ya maudhui yaliyowekwa na watumiaji. Mwaka 2018 ngao hiyo ilitobolewa kwa kesi za ulanguzi wa ngono. Kwenye kesi ya mtandao wa kijamii wa Reddit ya 2022 mahakama ya rufaa ya San Francisco ililipunguza tundu hilo, ikitaka jukwaa lenyewe liwe limeshiriki kwa kujua. Mwaka uliofuata ile ya Chicago iliruhusu kesi dhidi ya Salesforce, kampuni ya programu za biashara, iendelee, kwa kuwa ilidaiwa kuihudumia kwa ukaribu Backpage, tovuti ya matangazo iliyofungwa na serikali mwaka 2018. Kwa jukwaa la kupangisha nyumba, hoja ya mdai itakuwa kwamba halikubandika tangazo tu, lilipokea malipo na kukata kamisheni yake kila usiku.

Kwetu, kisingizio cha "sisi si kampuni ya Kenya" kinazidi kudhoofika. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Nairobi ilikubali Meta, kampuni yenye Facebook, ishtakiwe hapa na waliokuwa wasimamizi wake wa maudhui, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo kwenye kesi iliyotokana na machapisho ya Facebook kuhusu Ethiopia. Mwathiriwa mwenye wakili mzuri atakushtaki wewe na jukwaa pamoja, na jukwaa litakuonyeshea kidole wewe uliyekuwa na ufunguo.

Hatua ya 7: Karatasi ya mahakama ikifika

Usiirudishe kwa aliyeileta ukidhani umeikwepa. Hati ya wito inataja siku ulizo nazo za kujitokeza, na baada ya hapo una siku 14 za kuwasilisha utetezi. Zikipita, mdai anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa. Peleka kwa wakili wako mambo manne: mkataba wa Hatua ya 1, kumbukumbu za wageni, maelezo yako ya siku ile, na nambari ya OB. Mwombe pia aangalie kama wakala au mpangaji aliyeitumia nyumba anaweza kuingizwa kwenye kesi kama mtu wa tatu. Ombi hilo lina muda wake mfupi, na mara nyingi hufika mezani kwangu likiwa limeshachelewa.